Bendi Isiyojua Kumaliza

Vijana wakinikuta siku hizi wananiuliza habari za muziki wa zamani, na wanapouliza huwa wameshaanza kutabasamu, wanategemea niwaambie ulikuwa mtamu. Haukuwa mtamu. Ulikuwa mrefu. Nilipiga gitaa la ridhim pale Shinyanga mjini kwa miaka sita, kila Jumapili alasiri, katika bwalo la kiwanda cha kuchambua pamba, na katika miaka yote sita sikuwahi kusikia wimbo wetu hata mmoja ukifika mwisho kwa hiari yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Kila kundi lenye magitaa mawili na ngoma lilijiita jazz, na sisi tulijiita hivyo hivyo ingawa hatukuwa na sare wala ratiba. Yalikuwa mazoezi ya wazi. Mwenye chombo alikuja nacho, asiye nacho alikuja na mdomo wake, na watu wa mjini waliingia kutusikiliza kwa kuwa siku ya Jumapili hapakuwa na pengine pa kwenda. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha hesabu darasa la sita. Nilizoea watoto wanaoacha kuongea ninapoinua chaki, sikuzoea watu wazima wasioacha kitu.

Mkubwa wao alikuwa fundi cherehani, mpiga solo. Alishona suruali katika kibaraza cha duka la vitambaa, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, hilo silikatai hata leo nikiwa na hasira naye. Lakini akianza solo alifumba macho. Akishafumba macho umempoteza. Ungeweza kumtolea viatu miguuni asijue. Nilikuwa nyuma yake nikipiga kile kile, kile kile, mpaka ncha za vidole zinawaka moto, naye yuko peke yake huko anakoenda, anazunguka, anarudi, unadhani sasa anatua, kumbe amepata njia nyingine ya kuondoka.

Mpiga besi alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kuonyesha ishara za treni. Alipiga kwa sikio moja, jingine alimwekea mwajiri. Treni ya mizigo ikilia kutoka upande wa Tabora aliweka gitaa chini katikati ya wimbo, akapanda baiskeli, akaenda kuipitisha, akarudi jasho likimtiririka na kuendelea pale pale tulipokuwa. Na tulikuwa bado pale pale! Nusu saa nzima, wimbo ule ule, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Mwenye duka la vitambaa, yule ambaye fundi alishonea kibarazani kwake, alikuwa Mhindi aliyezaliwa Shinyanga na kusema Kisukuma vizuri kuliko mimi. Yeye alipiga kodiani. Alikuwa mtu mwungwana, na uungwana wake ulikuwa tatizo lingine, maana hakutaka kumkata mtu yeyote. Akiona wimbo umechosha alifunga kodiani yake taratibu, akaangalia huku na huku, akaona wenzake bado wanapiga, akaona haya, akaifungua tena. Alifanya hivyo mara tano, mara sita katika wimbo mmoja. Wa mwisho alikuwa mchuuzi wa dagaa kutoka Nkome, mpiga tumba, aliyekuja kila alipoleta mzigo sokoni. Wiki nzima baada ya yeye kuondoka, tumba zilinuka ziwa.

Basi wimbo uliishaje? Uliishia kwa king'ora. Saa kumi na mbili jioni king'ora cha kiwanda kililia, mlinzi wa bwalo akasimama mlangoni na kufuli mkononi, na ndipo magitaa yakanyamaza. Tuliimba juu ya mapenzi, king'ora. Tuliimba juu ya Azimio, king'ora. Wasikilizaji wetu walikizoea kiasi kwamba kikilia walipiga makofi.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni uzembe. Nilisimama mbele yao na kipande cha karatasi, nikawaeleza kama ninavyoeleza darasani: ubeti wa kwanza, solo mizunguko minne, ubeti wa pili, tunamaliza. Wote wakaitikia. Tukaanza. Fundi alipofika mzunguko wa tisa nikamgusa bega, akatikisa bega kama mtu anayefukuza nzi.

Mchuuzi wa dagaa ndiye aliyenifungua macho. Yeye alikuwa Mzinza, mgeni kidogo, na mgeni huona.

"Mwalimu," aliniambia, "unahangaika bure. Hawa wawili wanacheza ngoma."

Alisema kweli. Nyumbani kwetu Usukumani vyama vya ngoma ni viwili, Wagalu na Wagika, na baada ya mavuno hukutana uwanja mmoja, huku wanacheza hawa na kule wanacheza hawa, wakati ule ule, na watu husimama wanapopenda. Anayetangulia kunyamaza ameshindwa. Watu humwacha wakahamia kwa mwenzake, na habari yake husemwa mpaka mwaka unaofuata. Sasa baba wa fundi alikuwa manju mkubwa wa Wagalu, na mtu wa reli alitoka katika nyumba ya Wagika. Hawakuwa na ugomvi. Walikula pamoja, walikopeshana baiskeli. Ila hakuna kati yao ambaye angeondoa vidole kwenye nyuzi kabla ya mwenzake, na solo haiwezi kumaliza kama besi inaendelea, na besi haiwezi kumaliza kama solo inaendelea, na mimi nimekaa katikati napiga kile kile.

Nilipowauliza walikana wote wawili kwa nguvu sana.

Ningeweza kuondoka. Sikuondoka kwa sababu nilikuwa na wimbo wangu, na wimbo wenyewe haukuwa na kazi kwangu bila ubeti wake wa mwisho. Ubeti huo ulikuwa wa mama yangu.

Mama aliishi kijijini, upande wa Mwakitolyo. Baba alipofariki ndugu zake waligawana ng'ombe, wakamwachia jembe. Kwa jembe hilo alilima pamba ya watu, mashamba ya watu, mpaka nikaingia chuo cha ualimu. Kwetu mtoto wa kiume hamwambii mama yake maneno ya namna hiyo usoni. Utamsalimia, utamletea sukari na kanga, basi. Nami ni mtu wa hasira, maneno laini hayanitoki. Nikayaweka kwenye wimbo. Mistari minne ya Kisukuma: jina la nyumba ya baba yake, mashamba aliyoyalima na ya nani, na kwamba mimi niliona. Hayo tu. Niliuweka mwishoni kwa kuwa ndivyo nilivyoona inafaa, kitu kizuri kikae mwisho. Kwa bendi ile! Mimi, mwalimu wa hesabu!

Kila Jumapili tuliupiga wimbo huo, na kila Jumapili king'ora kilitukuta kwenye solo.

Kisha ikaja habari kwamba watu wa redio wanapita mikoani kurekodi vikundi vya muziki, na Shinyanga watafika. Nilikimbia kuandika majina yetu. Jioni hiyo hiyo nikamwandikia mama barua, jirani yake angemsomea. Nilimwambia siku ya wimbo nitakuja tusikilize pamoja, na nikaongeza kitu ambacho nimekijutia: nilimwambia asikilize mpaka mwisho, kwa kuwa mwishoni kuna kitu chake.

Jumapili iliyotangulia kurekodi niliwakalisha chini. Nikawaambia wimbo huu una ubeti wa mwisho, nikawaambia ni wa nani. Mwenye kodiani akafuta macho. Fundi akanishika mkono akasema, "Mwalimu, kwa mama yako? Nitakata palepale, wallahi." Mtu wa reli naye akaapa. Tukakubaliana ishara: nikipiga mguu wa kulia chini mara tatu, solo inaacha, mimi naimba, tunamaliza. Tukajaribu. Nikapiga mguu mara tatu. Mwenye kodiani akaacha, mchuuzi akaacha, mimi nikafungua mdomo, na hao wawili wakaendelea, wanaangaliana kwa pembe za macho, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Tukarudia. Nikapiga mguu mpaka ubao wa jukwaa ukapasuka. Watu waliokuja kusikiliza walicheka hadi wakakaa chini, wakanipa jina la Mwalimu wa Gwaride.

Watu wa redio walikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Walikuwa na mashine ya utepe na kipaza sauti kimoja, nao walikuwa na haraka, kwaya mbili zilikuwa nje zikisubiri. Fundi mitambo alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Akakitundika kipaza sauti katikati ya bwalo, akatupanga, akasema, "Wimbo mmoja, dakika sita. Nikiinua mkono mjue bado nusu dakika." Nikamwuliza kama tunaweza kurudia tukikosea. Akasema utepe hautoshi.

Tulianza vizuri. Nasema kweli, hatukuwahi kuanza vizuri namna ile. Niliimba ubeti wa kwanza nimekikaribia kipaza sauti, kodiani ikaitikia, besi ikakaa mahali pake, na fundi akaingia na solo safi iliyonisimamisha nywele. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikapiga mguu mara tatu.

Alikuwa ameshafumba macho.

Tena alikuwa amesogea. Alitaka solo yake isikike Dar es Salaam nzima, kwa hiyo alisogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukawa kati yangu na kipaza sauti. Nikapiga mguu. Nikapiga tena. Mtu wa reli aliniona, naapa aliniona, akaangalia pembeni na kuongeza nguvu. Kijana wa redio akainua mkono. Nusu dakika. Mistari yangu minne ilihitaji nusu dakika hasa. Nikaanza kuimba nyuma ya mgongo wa fundi, nikapaza sauti, nikapiga kelele kabisa, mishipa ya shingo imenitoka. Nilipofika mstari wa pili, kijana alikuwa anazima mashine.

Nao hawakuacha! Kijana anakunja nyaya zake, mwenzake anabeba mashine, kwaya inaingia mlangoni na majoho yake, na wale wawili wanapiga. Waliacha pale umeme ulipochomolewa ukutani. Besi ikafa na solo ikafa kwa pamoja, na nikaona nyuso zao zilivyotulia. Hakuna aliyeshindwa.

Sikumpiga fundi siku ile kwa sababu tu mwenye kodiani alinikumbatia kiunoni hakuniachia. Nilimtukana mbele ya kwaya. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Yeye alisimama anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa usingizini, anauliza, "Imeisha? Tayari imeisha?"

Redio ilipotangaza kwamba wimbo utasikika Jumamosi alasiri, ningeweza kukaa mjini. Nilikwenda. Nilijidanganya kwamba huenda sauti yangu ya nyuma imenaswa. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Jirani yake, mama mtu mzima aliyekuwa akimsomea barua zangu, alikuwa ameleta redio yake, na betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Watu kumi na tano hivi walikaa uani. Mama alikaa mbele, kwenye kigoda, mikono imelala mapajani.

Wimbo ukapigwa. Ubeti wa kwanza, watu wakashangilia sauti yangu. Kisha solo. Solo, solo, solo. Kwa mbali sana palisikika mtu anapiga kelele kama anaita mbwa nje ya nyumba, huyo ndiye mimi, kisha mtangazaji akaingia akashukuru. Wakapiga wimbo wa bendi nyingine.

Mama hakujongea. Aliusikiliza na wimbo huo. Akasikiliza na uliofuata. Nilimwambia asikilize mpaka mwisho, na yeye alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kipindi kikaisha, zikaja habari za bei ya pamba, naye bado amekaa.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu, "kile changu kilikuwa wapi?"

Nikamwambia yote. Nilisimama uani kwake nikafoka juu ya fundi, juu ya Wagalu na Wagika, juu ya kijana wa redio na utepe wake. Nilifoka mpaka kuku wakahama. Akaniacha nimalize. Alijua tangu nikiwa mtoto kwamba hasira yangu haikatizwi.

"Basi niimbie wewe," akasema. "Si uko hapa?"

"Hapana, mayu," nikamjibu mama. " Bila bendi haina maana. Tutarekodi tena."

"Mimi nataka maneno tu."

"Nimesema hapana!"

Ndivyo nilivyomjibu. Jirani yake alikuwa amekaa pale pale, redio mapajani, akanitazama kisha akatazama chini. Mama akasema sawa, akainuka kwenda kusonga ugali. Asubuhi nilipanda baiskeli yangu nikarudi mjini. Bwaloni sikukanyaga tena, na kila nilipopita kibaraza cha fundi nilihamia upande wa pili wa barabara.

Watu wa redio hawakurudi. Mvua za mwaka ule zilipoanza mama aliugua siku nne. Barua ilinikuta darasani, na nilipofika walikuwa wameshachimba.

Siku ya kumaliza msiba, mchana, tukiwa tumekaa uani, niliona baiskeli inakuja na mtu mwenye gitaa kavu, lile lisilotaka umeme, mgongoni. Fundi. Amesafiri kwa matope peke yake. Mtu wa reli alikuwa zamu. Alishuka, akasalimia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akaja akasimama mbele yangu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Nimekuja kukupigia ule ubeti."

Nilitaka kumfukuza. Lakini wajomba walikuwa wanatazama, na yeye alikuwa ameshakaa chini ya ukingo wa paa na kuanza. Hakupiga solo. Alipiga ridhim, kile kile changu, kile kile, kama nilivyokipiga nyuma ya mgongo wake miaka sita. Sikujua kama aliwahi kukisikia. Macho yake yalikuwa wazi, ananitazama mdomoni.

Nikaimba nimegeukia kaburi la mama pembeni ya ua. Nilitaja nyumba ya baba yake, nikataja mashamba, nikasema niliona. Na nilipotamka neno la mwisho fundi akapiga nyuzi mara mbili, akalaza kiganja juu yake. Kimya. Safi kabisa, palepale.

Kumbe alijua! Miaka sita, mwanaharamu huyu, kumbe alijua kumaliza. Niligeuka nikiwa tayari kumwambia hivyo mbele ya msiba wote, na sijui ningeishia wapi. Lakini yule jirani wa mama, mwenye redio, alinitangulia kusema. Alikuwa ameshika shavu, amenikazia macho.

"Ndio huo tu, Mwalimu?" akaniuliza. "Kumbe ulikuwa mfupi hivi?"

Nikasema ndiyo, mayu, ndio huo tu.